Pesa si zako zimeingia kwenye simu au akaunti yako? Fanya hivi

Pesa usizozitarajia zikiingia kwenye laini yako, zikae hapohapo kwanza. Usitoe, usilipie deni, usimrushie mtu anayekupigia akilia. Pesa iliyokuja kwa makosa inatakiwa irudi kwa njia ileile iliyopitia, na wa kuirudisha ni kampuni ya simu au benki, si wewe kwa mkono wako. Wengi wanaolizwa na pesa za namna hii hapa Uganda hawakuwa na nia ya kula cha mtu. Walikuwa waungwana mno, wakafanya haraka kurudisha.

Hatua zenyewe ni hizi. Nimeanza na pesa za simu kwa sababu huko ndiko makosa mengi yanakotokea. Benki inafuata.

1. Hakikisha pesa zimeingia kweli

Meseji si pesa. Bafere, yaani matapeli, wanajua kuiandika ikafanana na ya kampuni: ina jina la mtumaji, kiasi, namba ya muamala, hata salio jipya. Hilo salio mara nyingi ndilo linalowaumbua. Jana ulikuwa na shilingi 3,000, leo meseji inasema umepokea 450,000 na salio lako jipya ni 612,400. Hizo nyingine zilitoka wapi? Tazama pia imetoka kwa nani. Ikiwa imetumwa na namba ya kawaida inayoanza na 07, haikutoka kwa kampuni. Ikiwa imekuja kwa jina la kampuni, bado usiiamini peke yake.

Angalia salio mwenyewe: piga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, ingia kwenye akaunti yako, soma. Ifanye kazi hiyo wewe, kwenye simu yako. Usimpe kijana wa stage ya boda akuangalizie, wala usibonyeze kiungo kilichokuja na ile meseji. Salio likiwa lilelile la jana, hakuna pesa iliyoingia na hakuna cha kurudisha. Zuia ile namba, endelea na kazi zako.

2. Uliza kama si zako kweli

Watu huruka hatua hii. Pesa inayotumwa kutoka benki kwenda kwenye simu inaweza kuja na jina la benki badala ya jina la shemeji yako. Anayetuma kutoka Dubai au London kupitia kampuni ya kutuma pesa, wewe huenda ukaona jina la ile kampuni tu. Mwalimu anaweza kulipwa malimbikizo aliyokwisha kuyasahau. Mwenye duka anayepokea malipo kwa namba ya biashara anaweza kuona milioni 2 asizozijua, kumbe mteja wake wa Arua amelipia mzigo wa wiki ijayo kwa simu ya mke wake.

Kwa hiyo fungua daftari, piga simu mbili tatu kwa watu wanaoweza kukutumia, angalia kwenye kundi lenu la kuchangiana. Wanaouza rejareja wawe waangalifu zaidi: usimwambie mtu «pesa hii siijui» kabla hujamaliza kulinganisha na mauzo ya siku.

Kuna na kisa cha laini iliyowahi kuwa ya mtu mwingine. Namba isiyotumika muda mrefu kampuni huiuza upya, nawe unaweza kuwa umenunua namba ambayo kwenye simu ya bibi mmoja kule Kabale bado imeandikwa jina la mjukuu wake. Pesa zikija zaidi ya mara moja kutoka kwa mtu yuleyule usiyemjua, huenda ndicho kilichotokea.

3. Zikiwa si zako, zitenge

Ukitumia simu hiyohiyo kulipia umeme, kununua vocha na kupokea malipo ya kazi, baada ya siku mbili hutajua kipi chako na kipi cha mtu. Andika mahali: tarehe, saa, kiasi, jina lililoonekana, namba ya muamala. Usifute meseji. Kisha hakikisha salio lako halishuki chini ya kile kiasi mpaka mambo yaishe. Kama unaweza, tumia laini nyingine kwa siku hizo.

Waliokopa kwa simu wajihadhari. Mkopo uliopitiliza siku unaweza kukatwa wenyewe pesa inapoingia, na mfumo haujui kuwa pesa ile ni ya mtu. Likikutokea hilo, lieleze kampuni mapema, kabla mwenyewe hajaja juu. Utakuwa na deni la kulipa, lakini hutakuwa umemficha mtu kitu.

Na sheria inasemaje? Kwa upande wa madai, aliyelipa kwa makosa ana haki ya kurudishiwa, hata kama kosa lilikuwa lake mwenyewe la kubonyeza 8 badala ya 7. Kwa upande wa jinai, sheria ya makosa ya jinai ya Uganda haihesabu kuwa mwizi ni yule tu aliyeingiza mkono mfukoni mwa mtu. Anayeigeuza mali ya mtu kuwa yake kwa udanganyifu naye yumo, na adhabu ya wizi hufika miaka 10 jela. Utetezi wa «sikuiba, ilijileta» umejaribiwa kwingine ukashindwa. Afrika Kusini mwaka 2017 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyestahili posho ya randi 1,400 aliingiziwa milioni 14. Alitumia zaidi ya laki 8 kabla mfumo haujafungwa, na mwaka 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa wizi. Hakuna aliyebisha kwamba kosa la kuziingiza halikuwa lake. Alihukumiwa kwa alichokifanya baada ya kuziona.

4. Mtu akikupigia simu akizidai

Hapa ndipo pa kutulia, maana anayepiga anaweza kuwa mama wa watu aliyekosea tarakimu moja ya ada ya mtoto, au mfere aliyekaa chumbani na simu nne. Wote wawili wana sauti ya haraka na wote wawili watamtaja Mungu. Kwa masikio huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo usijaribu. Jibu lako liwe moja kwa wote.

Hila zenyewe ni tatu, na kila moja inataka uharakishe.

Ya kwanza ni ile ya meseji feki. Pesa haikuingia, ila anakuomba «urudishe». Unachotuma ni chako. Ukishaangalia salio, hii imekufa.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu pesa ni ya kweli. Anakutumia laki 3 halali, anakupigia, anasema ile laini aliyotumia imeisha chaji au ni ya dada yake, basi tafadhali mtumie kwenye namba hii nyingine. Unatuma. Wakati huohuo amekwisha kupiga huduma kwa wateja akisema alikosea namba, arudishiwe. Kampuni inaona muamala wa kwanza, inashikilia laki 3 kwenye akaunti yako. Zako wewe. Alikupa laki 3, anaondoka na laki 6. Au ile pesa aliibiwa mtu mwingine kabisa, ikapitishwa kwako ili njia ipotee, nawe ukaisogeza mbele kwa mkono wako na kitambulisho chako cha taifa kilichosajili laini. Mwenye pesa akifungua kesi, jina la kwanza polisi wanaloliona baada ya lake ni lako.

Ya tatu inatumia kisanduku cha kuidhinisha. Kwenye MTN ukienda kutoa pesa kibandani, wakala ndiye anayeanzisha utoaji kwenye simu yake, kisha kwenye skrini yako kinatokea kisanduku kinachokuomba uweke PIN ili ukubali. Sasa mfere anayeshirikiana na mwenye laini ya uwakala anaanzisha utoaji huo akiwa mbali, huku yuko nawe hewani: «Mama, umeona kitu kimetokea hapo? Hiyo ndiyo kampuni inarudisha, weka tu namba yako ya siri.» Ukiweka, umetoa pesa zako kwa wakala usiyemjua katika mji usioujua. Kisome kile kisanduku mpaka mwisho. Kinataja kuwa ni kutoa pesa, kinataja kiasi na kwa wakala gani. Kama hukusimama mbele ya kibanda ukaomba kutoa, kifute.

Maneno ya kumjibu yasiwe mengi. Kwa mfano:

«Pole sana, ndugu yangu. Sitazigusa pesa zako. Piga 100, huduma kwa wateja, kwa laini hiyohiyo uliyotumia, waambie ulikosea namba, wakupe utaratibu. Wakinipigia nitakubali zirudi.»

Akisema hana muda, mtoto yuko hospitalini, pole tena na jibu lilelile. Akitukana, kata simu. Mwenye pesa wa kweli huenda akakuona mgumu kwa saa moja, lakini pesa yake anaipata. Mimi mtu anayekataa kabisa kupiga 100 huwa nimeshamweka kwenye kundi lake.

5. Irudi kupitia kampuni

Usimsubiri mwenye pesa. Na wewe piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya MTN na pia ya Airtel, kila mmoja kwa laini yake. Sema hivi tu: nimepokea kiasi fulani, saa fulani, namba ya muamala ni hii, simjui mtumaji, naomba muamala urudishwe ulikotoka. Uliza jina la anayekuhudumia na namba ya malalamiko, andika. Ukiona simu haijibiwi, nenda kwenye ofisi yao na kitambulisho chako cha taifa. Kibanda cha mwavuli wa njano au mwekundu si ofisi. Wakala wa mtaani hana uwezo wa kurudisha muamala wa mtu mwingine, na anayekuambia anao anataka kitu.

Kwa kawaida kampuni huzuia kile kiasi kwanza, halafu humtafuta aliyepokea ili akubali kabla ya kukirudisha. Ndiyo maana ukipigiwa, pokea. Ila jambo moja halibadiliki: mhudumu wa kweli hahitaji PIN yako kwa ajili hiyo, wala hakwambii ubonyeze namba ndefu anazokutajia moja moja. Ukiwa na wasiwasi na aliyekupigia, kata, kisha piga 100 mwenyewe.

Njia hii inakuokoa pia na makato. Ukituma mwenyewe, ada ya kutuma ni juu yako. Ukitoa taslimu ili umpe mtu mkononi, unalipa ada ya kutoa pamoja na ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 ulioanza mwaka 2018. Kwa milioni 1 huo ushuru pekee ni shilingi 5,000. Na pesa ya mkononi haiachi alama. Kesho akija mwingine na meseji halisi akisema ni zake, utamwonyesha nini?

Aliyetuma kwa M-Pesa kutoka Kenya aanzie kwa kampuni yake ya huko. Wakazi wa Busia na Malaba wanajua jinsi pesa inavyovuka mpaka kwa dakika moja. Kurudi huwa haina mbio hizo, kwa hiyo uwe na subira na usikubali njia ya mkato ya kubadilishana pesa pale mpakani.

6. Zikiingia benki

Benki ni polepole lakini ni nyepesi, kwa sababu kila kitu kinaandikwa. Makosa ya kawaida ni mawili: mtu amekosea tarakimu ya akaunti, au benki yenyewe imeingiza malipo mara mbili. Likiwa ni la benki, usishangae ukiona imejirekebisha yenyewe na pesa imetoka. Uliza tu upewe maelezo na taarifa ya akaunti inayoonyesha kuingia na kutoka.

Likiwa la mtu, nenda kwenye tawi lako na kitambulisho, na barua fupi ya nakala mbili. Barua itaje jina lako, namba ya akaunti, tarehe, kiasi, na sentensi kwamba pesa hiyo huijui na unaomba ishikiliwe mpaka mwenyewe apatikane. Nakala moja waipige muhuri wa kupokea, na hiyo ndiyo ya kuhifadhi nyumbani. Omba ishikiliwe kwa maandishi, maana bila hivyo marejesho ya mkopo wako wa mwisho wa mwezi yanaweza kuila.

Benki itakupa fomu ya kuridhia akaunti yako ikatwe. Isome. Kiasi kiwe kilekile kilichoingia, tarehe iwepo, na nafasi za kujaza zisiwe tupu unapoweka sahihi. Usikubali kuandika hundi kwa jina la mtu aliyekuja na meneja wa tawi, hata kama meneja anamfahamu tangu shule. Irudi kwenye akaunti iliyotoka.

Kiasi kikubwa kisicho na maelezo kina upande mwingine. Benki zinabanwa na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013 kutoa taarifa ya miamala inayotia shaka kwa FIA, mamlaka ya serikali inayofuatilia fedha za shaka. Milioni 80 zikikaa kwenye akaunti ya mtu anayelipwa laki 6 kwa mwezi, kuna mtu atauliza. Barua yako yenye muhuri, ya siku ya pili baada ya pesa kuingia, inajibu maswali mengi kabla hujaulizwa.

Watumishi wa serikali waliolipwa mshahara mara mbili waende kwa ofisa rasilimali watu wao kabla ya benki. Serikali hukata yenyewe kwenye mishahara inayofuata, na makato ya ghafla huuma kuliko uliyoyapanga.

7. Kama tayari umezitumia

Inatokea, hasa kwa wanaopokea pesa nyingi ndogondogo kila siku. Usizime simu. Sema kiasi gani kimebaki, kirudishwe leo, na kilichotumika pangeni namna ya kukilipa kwa maandishi: awamu ngapi, tarehe zipi, kupitia namba gani. Kila awamu ipitie kwenye simu au benki, isiwe taslimu. Kukubali mapema na kulipa kidogokidogo ni deni. Kunyamaza, kubadilisha laini na kuhama ndiko kunakofanana na wizi mbele ya hakimu.

Mwenye pesa akiamua kwenda mahakamani, madai yasiyozidi milioni 10 yanaweza kusikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, bila gharama ya wakili. Hali hiyohiyo inakulinda na wewe kama ni wewe uliyekosea namba na mpokeaji amegoma.

8. Vitisho, LC na polisi

Mtu akianza kukutisha, au akisema anajua unapoishi, nenda kituo cha polisi cha karibu, eleza kilichotokea, na usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la kituo. Namba hiyo ina uzito kuliko maneno mengi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuwa shahidi kwamba uliripoti, lakini asigeuzwe kuwa benki: usimwachie pesa «akae nazo» mpaka mwenyewe aje.

Ukiitwa na polisi, iwe kituoni kwenu au makao makuu ya CID, idara ya upelelezi, kule Kibuli, nenda na karatasi zako: namba ya muamala, namba ya malalamiko ya 100, nakala ya barua ya benki, namba ya SD. Na bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutoka kituoni, ni bure, yeyote anayekuomba chochote juu yake asikuchanganye.

Kampuni au benki ikikuzungusha, peleka kwanza malalamiko kwao kwa maandishi na subiri jibu. Lisipokuja au lisipokuridhisha, yapeleke Benki Kuu ya Uganda, ambayo tangu sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020 inasimamia na pesa za simu, si mabenki tu. Makao yake yako Kampala Road, na ina matawi mikoani kama Gulu, Mbale na Mbarara.

9. Na ikiwa hakuna anayezidai

Umeripoti, wiki zimepita, kimya. Pesa bado si yako. Madai ya namna hii kwa sheria ya Uganda yana muda wa miaka 6, na pale penye kosa muda huo huanza kuhesabiwa tangu aliyekosea alipoligundua kosa lake au alipopaswa kuligundua, si lazima tangu siku ilipoingia. Kampuni ya ujenzi inayokagua vitabu vyake baada ya miaka mitatu bado inaweza kukugongea mlango. Piga tena 100 au pita tena bankini, uliza malalamiko yako yamefikia wapi, andika tarehe ya majibu pembeni ya zile za mwanzo.

Mwenye pesa akishapata chake akakutumia elfu 5 au 10 za asante, pokea bila wasiwasi. Usizidai wewe, wala usizikate juu kwa juu kabla hujarudisha.